Jua Mgongoni, Hatua Nne

Katika nyumba nyingi za wazee huku magharibi mwa Kenya, kuanzia Kiminini hadi Chwele, kuna mkebe. Zamani ulikuwa wa biskuti au wa majani ya chai. Siku hizi umebeba hatimiliki ya shamba, risiti za chama cha ushirika zilizofifia wino, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana wajukuu, na chini kabisa, picha. Si zile kubwa za studio, zenye pazia lililochorwa mnazi na ndege nyuma. Nazungumzia zile ndogo, ukubwa wa karata moja, nyeusi na nyeupe, zilizojikunja pembeni kama jani la ndizi juani.

Zipange kumi mezani, hata kama ni za koo tofauti, utaona zinavyofanana. Wote wamesimama nje. Wote wamelielekea jua, macho wameyafinya. Miguu inaonekana yote, na mbele ya miguu kuna ardhi tupu isiyo na kazi. Pengine chini kabisa pana kivuli cha kofia: huyo ni mpiga picha mwenyewe, ameingia pichani bila kualikwa. Hakuna anayepika. Hakuna anayekimbia. Hakuna usiku, hakuna alfajiri, hakuna ndani ya nyumba.

Kijana akiziona hudhani wazee wetu walikuwa watu wa kununa, wasiojua kuketi wala kucheka. Mimi kwa miaka mingi nimekilaumu kisanduku.

Kamera ya sanduku ni sanduku kweli. Mwili wake ni kadibodi au bati, umevishwa karatasi nyeusi ya kuiga ngozi, na juu kuna mkanda wa kushikia. Mbele pana lenzi moja ya kioo, nyuma panapita filamu, katikati ni giza. Hakuna cha kurekebisha umbali: kilicho mita tatu na kuendelea hutoka vizuri, kilicho karibu zaidi huwa na ukungu. Kilango kinachoruhusu mwanga hufunguka na kujifunga kwa muda wa karibu sehemu moja ya arubaini ya sekunde, kasi ambayo kuku akipita hugeuka moshi. Tundu lenyewe ni dogo, kwa hiyo bila jua kali filamu haipati kitu. Masharti yote ya ufundi huo yalikuwa mawili matatu tu: jua liwe mgongoni mwa mpigaji, watu wasimame hatua nne mbele yake, wasitikisike.

Tena haishikwi jichoni. Inashikwa tumboni, nawe unainamisha kichwa na kuchungulia kidirisha cha juu, ambamo kushoto kumekuwa kulia na mtu anayetoka upande wa mlango anaonekana anaingia. Ukishabonyeza, unazungusha ufunguo wa pembeni huku ukitazama kitundu chekundu mgongoni mwa sanduku, mpaka namba inayofuata ijitokeze. Moja, mbili, tatu. Ikifika nane, filamu imekwisha. Ukisahau kuzungusha, sanduku halikukumbushi: picha ya pili itakaa juu ya ya kwanza, na shangazi atasimama ndani ya ng'ombe.

Aliyelileta jambo hili duniani ni Mmarekani George Eastman wa Rochester, New York. Mwaka 1888 aliuza kamera aliyoiita Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Mwenye nayo akizimaliza aliirudisha kiwandani nzima nzima ili picha zioshwe. Ilikuwa ya watu wenye nafasi. Mapinduzi yenyewe yalikuja Februari 1900, Kodak ilipotoa Brownie, kisanduku cha kadibodi kilichobuniwa na Frank Brownell na kuuzwa dola moja. Kililenga watoto. Katika mwaka wa kwanza viliuzwa zaidi ya 100,000. Mwaka uliofuata ikaja Brownie namba 2 pamoja na filamu mpya iliyopewa namba 120, upana wa sentimita sita, picha za sita kwa tisa. Filamu hiyo inatengenezwa hadi leo. Kuna vyombo vichache vya mwaka 1901 ambavyo unaweza kuvilisha bidhaa mpya kutoka dukani vikafanya kazi asubuhi hiyo hiyo.

Wengine wakafuata, Ensign kwa Waingereza, Agfa na Zeiss Ikon kwa Wajerumani. Mwaka 1932 Agfa waliuza sanduku lao kwa marki nne, na ili kulipata ilikupasa utafute sarafu za marki moja zenye herufi za viwanda zilimopigwa: A, G, F na A. Nasikia raha kila nikikumbuka ujanja huo.

Huku kwetu kamera ilitangulia kisanduku, na haikuja kwa urafiki. Mwaka 1895 Waingereza walipigana na Wabukusu katika ngome ya Chetambe, juu ya kilima kinachoitazama Webuye, wakiwa na bunduki ya Maxim. Ofisa aliyekuwa akiisimamia Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa wakati huo, C. W. Hobley, alikuwa pia mpiga picha, na baadhi ya picha za utumishi wake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Kamera za aina hiyo zilitumia vioo, zikasimama juu ya miguu mitatu, na zilihitaji wapagazi. Mwaka 1909 akapita Theodore Roosevelt, ametoka kwenye urais wa Marekani akaja kuwinda. Nyanda za Uasin Gishu hadi Mto Nzoia zikawa uwanja wake na wa mwanawe Kermit, ambaye ndiye aliyepiga picha nyingi za msafara ule. Katika hizo tembo na vifaru wana sura kamili, na mara nyingi wana majina ya kisayansi. Watu waliobeba mizigo wanapita nyuma.

Wakati huo Kitale ilikuwa bado haijawa mji. Walowezi walianza kujikita hapo tangu 1908, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ikawagawia mashamba askari wazungu waliostaafu. Trans Nzoia ikakatwa vipande vikubwa vya mahindi. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale kwa tawi lililochepuka kutoka njia ya Uganda, na njia kuu ikaendelea magharibi kupitia Webuye, wakati ule ikiitwa Broderick Falls, na Bungoma, kuelekea Malaba. Nataka msomaji aiweke akilini ramani hiyo ya reli, maana ndiyo ramani ya filamu. Karatasi, dawa za kuoshea na roli zenyewe zilipanda kutoka Mombasa kwa behewa, na mji wenye stesheni ulikuwa mji wenye picha. Bungoma yenyewe ni mtoto wa stesheni.

Kisanduku kiliingia Trans Nzoia kama kifaa cha familia ya mlowezi. Dola moja ilikuwa sawa na rupia tatu hivi za Afrika Mashariki ya wakati huo, kabla ya shilingi kuchukua nafasi yake miaka ya mwanzo ya 1920. Kwa mzungu hiyo ni pesa ya kumpa mtoto siku ya kuzaliwa. Kwa kibarua aliyetoka Bungoma kwenda kupalilia Kitale, ambaye mshahara wake wa mwezi ulikuwa rupia chache, ni jasho la wiki kadhaa. Kwa hiyo picha za kwanza za sanduku kutoka huku ni za farasi, mbwa, trekta na kinyozi wa kondoo, na mfanyakazi anaonekana kwa sababu ndiye aliyeshika lijamu. Mzungu mmoja alikuwa na mkono wa kukusanya kuliko wenzake: Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha jumba lake la makumbusho mwaka 1926, likajaa wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya watu wa eneo. Alifariki mwaka 1966, na mkusanyo wake ukawa msingi wa Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Ukienda pale leo, tembea polepole. Kuna mijusi na nyoka watakaovuta watoto wako. Wewe tafuta zilipo picha.

Kuna jambo moja la ufundi linalosahaulika, nalo ndilo lililokipa kisanduku maisha marefu mashambani. Ili kupata picha kutoka filamu ndogo ya milimita 35 unahitaji mashine ya kukuza, na mashine hiyo inahitaji umeme. Filamu ya kisanduku ilikuwa kubwa kiasi kwamba negativu yenyewe ilitosha kuwa picha. Uliilaza juu ya karatasi ya kupigia picha, ukaibana kwa kioo, ukaionyesha mwanga kidogo wa taa ya chemni au wa mlango uliofunguliwa ufa, ukaitia dawani. Ndiyo sababu zile za mkebeni ni ukubwa wa karata. Hazikupunguzwa wala hazikukuzwa. Ni kipimo kile kile cha mwanga ulioingia sandukuni siku hiyo. Chumba chochote kisicho na dirisha kiliweza kuwa maabara: stoo ya mahindi, bafu, nyumba ya udongo baada ya saa moja jioni. Filamu za wakati ule hazikuona wekundu, kwa hiyo fundi alijiwashia taa yenye kioo chekundu akafanya kazi yake kwa raha.

Serikali nayo ilikuwa na hamu ya sura za watu, lakini kwa mwendo wake. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa vita vilipokwisha, ilimlazimu mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 kubeba karatasi zake ndani ya mkebe wa chuma ulioning'inia shingoni. Kipande kilitaka alama za vidole, hakikutaka uso. Baadaye, sheria mpya ya mwaka 1947 ilipojaribu kuwaandikisha watu wa rangi zote kwa mtindo mmoja, walowezi walikasirika kutiwa wino vidoleni kama vibarua wao. Suluhisho likapatikana: anayeweza kujaza fomu mwenyewe kwa Kiingereza angetoa sahihi na picha badala ya alama za vidole. Nimeusoma uamuzi huo mara nyingi. Kwa kipindi hicho, kuwa na uso kwenye karatasi za serikali kulikuwa heshima, na kuwa na vidole tu kulikuwa hali ya walio wengi.

Heshima hiyo haikudumu. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwaka 1953 Wakikuyu waliofanya kazi katika mashamba ya Bonde la Ufa walipotakiwa wapigwe picha za vitambulisho, wengi walikataa na kuondoka mashambani. Kamera ile ile ambayo mtoto wa mlowezi aliichezea bustanini sasa ilikuwa ikisubiri uwanjani pamoja na karani na polisi.

Kati ya siku za kipande na Hali ya Hatari alipita mtaalamu wa Kijerumani, Günter Wagner, aliyekaa miongoni mwa Walogoli na Wabukusu katikati ya miaka ya 1930 na kuandika juzuu mbili nene juu yao, ya kwanza ikachapishwa 1949. Picha zimo. Ni kazi ya mtu mwenye subira, ingawa nikiwa mkweli nazipenda kidogo kuliko zile za mkebeni, kwa sababu katika picha za Wagner mtu ni mfano wa desturi, na mkebeni mtu ni Mama fulani. Jirani zetu wa Nyanza walipata bahati ambayo Bungoma bado inaidai. Mwaka 2007 picha ambazo mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alizipiga Ujaluo mwaka 1936 zilirudishwa kutoka Oxford na kuoneshwa kijijini, chini ya jina Paro Manene, na watu wakawatambua babu zao.

Tohara ya Wabukusu ndiyo inayonionyesha vizuri zaidi kisanduku kilivyotuchagulia cha kukumbuka. Hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa: 2022, 2024 na kuendelea. Mtoto huzunguka kwa ndugu zake akipiga njuga, chinyimba, akialika watu. Usiku wa mwisho ni wa nyimbo. Alfajiri hupelekwa mtoni, hupakwa tope la baridi mwili mzima, na hurudishwa mbio nyumbani kusimama mbele ya mkataji, macho makavu, wakati jua ndiyo kwanza linanyanyuka. Kila kitu chenye uzito katika siku hiyo hutokea kisanduku kikiwa kipofu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Agosti, mawingu ya mvua bado yamekalia Mlima Elgon, watu wanakimbia: hapo kamera ya sehemu moja ya arubaini ya sekunde itakupa karatasi nyeusi au ukungu wenye miguu. Kwa hiyo tulicho nacho cha miaka hiyo ni mtoto wa jana yake, saa nane mchana, amesimama na njuga zake hatua nne mbele, mjomba kando. Saa yenyewe ya ushujaa ilibaki kwenye nyimbo, na kwenye majina ya marika yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Labda ni afadhali.

Vivyo hivyo Malakisi. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini ya Elijah Masinde, mwanakandanda wa zamani wa timu ya taifa aliyegeuka nabii na mpinzani wa wakoloni. Watu 11 waliuawa. Hata kama mmoja wa waliosimama kando angekuwa na kisanduku begani, watu waliokuwa wakikimbia wangetoka kama mvuke na walioanguka tu ndio wangeonekana vizuri. Masinde alizuiliwa hadi 1961, na alifariki 1987.

Kufikia miaka hiyo ya 1940 visanduku vilikuwa vimeshuka daraja, na kushuka kwake ndiko kulikotufikishia sisi. Askari wa King's African Rifles (KAR) walirudi kutoka Burma mwaka 1945 na 1946 wakiwa wameshazoea kupigwa picha wakiwa ndani ya sare na kuzituma nyumbani. Walowezi walinunua kamera mpya na kuachia za zamani. Mwalimu wa shule ya misheni, karani wa stesheni, fundi cherehani mwenye akili ya kuongeza kipato, hao ndio waliozipokea. Mkenya aliyekuja kujulikana zaidi duniani kwa kamera, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza na Box Brownie iliyokwishatumika, akiwa mvulana wa shule Dar es Salaam. Huyo ndiye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Kwa mujibu wa fundi mmoja wa Kitale niliyewahi kuongea naye, kila mpiga picha wa rika lake aliyeanzia kwenye sanduku alikuwa na tabia moja hata baada ya kupata kamera ya kisasa: hakubonyeza kabla ya kutazama jua liko wapi.

Baada ya uhuru, Wabukusu wengi walipanda kwenda Trans Nzoia kununua, mmoja mmoja au kwa kuchangishana hisa, mashamba yale yale ambako baba zao walikuwa vibarua. Ndipo zinapatikana picha nizipendazo kuliko zote: wanahisa wamejipanga mbele ya nyumba ya mzungu aliyeondoka, makoti mazito juani, mmoja ameshika karatasi. Mahindi yanayoonekana nyuma yao mara nyingi ni ya mbegu chotara. Kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa H611 mwaka 1964, na mwenye jicho huzitambua safu zake zilizonyooka.

Studio zilishamiri pwani kabla ya huku. Zanzibar ilikuwa na Gomes tangu karne ya kumi na tisa na Capital Art Studio tangu 1930. Mombasa walikuwa na Parekh, Lamu walikuwa na Bakor. Bara, kazi ya kuaminika ya studio ndogo haikuwa sanaa. Ilikuwa paspoti saizi. Sheria ya uandikishaji ilipobadilishwa mwaka 1978 ili kuwahusu wanaume na wanawake sawa, mama zetu wengi waliketi kwa mara ya kwanza peke yao mbele ya kamera, bila mume wala mtoto pembeni. Kisanduku hakikuweza kazi hiyo. Uso ulikuwa karibu mno. Kikastaafu kimyakimya. Zikaja kamera za milimita 35, zikaja rangi, na kufikia miaka ya 1990 mashine za kuosha na kuchapa kwa saa moja. Januari 2012 Kodak wenyewe waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao. Simu ikamaliza kilichobaki.

Sasa nieleze shindano letu, maana makala hii imetokana nalo.

Tuko watu wachache, wengine Kitale, wengine Bungoma, tulioamua kushindana kwa kisanduku. Hakuna kombe. Anayeshindwa hununua kuku. Kila mtu roli moja ya filamu 120, picha nane, wiki moja, na haruhusiwi kutazama mita ya mwanga kwenye simu. Atakayetoa picha nyingi zilizo wazi ndiye mshindi, na hapo ndipo ubishi huanzia, maana nani kasema wazi ndiyo nzuri?

Nilijifunza mambo haraka. La kwanza, sisi tuko digrii moja tu au pungufu kutoka mstari wa ikweta, na jua la saa sita husimama utosini. Sheria ya jua mgongoni iliandikwa na watu wa nchi za baridi. Huku mchana macho ya kila mtu huwa mashimo mawili meusi chini ya kofia. Wazee walilijua hilo. Kwenye picha zao kofia nyingi zimeshikwa mkononi, nami nilidhani ni adabu. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni ndizo saa za kisanduku. La pili, filamu ya leo huona rangi nyekundu, kwa hiyo kile kitundu cha nyuma kinaweza kuiunguza; sote tumekiwekea kipande cha utepe mweusi. La tatu, nane ni nyingi kuliko unavyofikiri. Nilizunguka soko la Kitale siku nzima nikarudi na picha mbili.

Kuosha filamu ndiko kulikotuleta karibu zaidi. Mwaka 1995 huko huko Rochester, mhadhiri Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na magadi ya kufulia huosha filamu. Waliokuja baadaye wakaongeza vitamini C. Mtu wa Bungoma akisikia hivyo hucheka, kwa kuwa kahawa hiyo hukua miteremkoni kwake, Chesikaki na Kimilili, na mara nyingi mkulima haioni tena baada ya kuipeleka kiwandani. Magadi yetu yalitoka Ziwa Magadi, tukayakaanga kwanza kwenye sufuria ili yapate ukali. Maji ya Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hutoka bombani na ubaridi unaokaribia ule unaotakiwa bila kuongeza barafu. Dakika kumi na tano, kutikisa kidogo, kusuuza, kisha dawa ya kugandisha, ambayo hiyo bado ni ya kuagiza Nairobi. Nyumba ilinuka kama kahawa iliyoungua kwenye soksi.

Mwenzangu wa Bungoma alikuwa amebakiza picha moja, namba nane, na mimi nilikwenda kumtembelea karibu na Chwele ili nimwone akiitumia. Alikusudia kumpiga bibi yake, kukhu, mbele ya nyumba. Kukhu alikataa kutoka. Ugali ulikuwa motoni, na jua, alisema, amekwishasimama ndani yake maisha yake yote. Anayemtaka amfuate jikoni.

Tukamfuata. Jiko lake ni la udongo, mlango mmoja, dirisha la kiganja. Nikamwambia mwenzangu aache, kisanduku hakiwezi. Akageuza sanduku lake ubavuni akanionyesha kibati kidogo nilichokuwa nakiona kila siku kwenye langu bila kukijali. Ukikivuta nje, kilango hakijifungi tena chenyewe. Hukaa wazi mpaka ubonyeze mara ya pili. Kiko kwenye visanduku vingi, vya Kodak, vya Agfa, tangu miaka ya mwanzo kabisa. Kilikuwepo kwenye sanduku la mlowezi, kilikuwepo kwenye la karani wa stesheni.

Aliweka kamera juu ya kigoda, akakisogeza nyuma hadi kikagusa ukuta ili zitimie zile mita tatu.

"Kukhu, usitikisike. Nitahesabu hadi kumi."

"Na ugali ujisonge wenyewe?"

Akahesabu hata hivyo. Filamu tuliiosha usiku huo huo kwa kahawa, tukaianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Asubuhi tuliishika dirishani. Mafiga yametoka, sufuria imetoka hadi mkwaruzo wa ubavuni, ungo ukutani, nyufa za udongo moja moja, moshi umekaa kama shuka. Kukhu mwenyewe ni wingu lenye mwiko, na mkono mmoja tu, ule ulioshika sikio la sufuria, umetulia kabisa.

Tumekuwa tukibishana tangu siku hiyo kama hiyo ihesabiwe kuwa wazi au la. Kuku bado hajanunuliwa.